Mungu Hafanani Nawe, Baba

Baba yangu,

Nakusalimu, ingawa najua leo salamu yangu haitaitikiwa. Chuo chako cha Kurani kimefungwa tangu ulipofariki. Watoto wanapita hapa mlangoni na juzuu zao kwapani, wanachungulia, wanaondoka. Wameambiwa wangoje mpaka nduguyo, Ami Shaame, apate mwalimu mwingine. Muhogo wa nyuma ya nyumba tuliung'oa wote siku ya khitma. Mimi nimekwisha kulia mbele za watu. Sasa nalia nikiwa katika sala, na hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Unaikumbuka likizo ile niliporudi kutoka skuli ya ualimu Unguja, nikakueleza habari za Bibi Elen? Yule Mmarekani anayetufundisha kuzungumza Kiingereza, ambaye mumewe anafanya kazi kwenye mitambo ya kufuatia vyombo vinavyorushwa angani. Niliogopa kukwambia kwamba ni Mmormoni, na kwamba tumezungumza dini nyumbani kwake. Wewe ulisogeza kikombe cha kahawa tu. "Haya, nambie. Mungu wao yukoje?"

Nikakwambia. Kwamba kwao Mungu ana mwili, mwili hasa wa nyama na mifupa, ila haufi wala hauchakai. Yesu ni mwanawe, naye ana mwili wake mwenyewe, mbali na wa Baba yake. Roho peke yake ndiye asiye na mwili wa nyama. Na watatu hao ni watatu kweli, ila nia yao moja. Kwamba roho zetu ni watoto wake kabla hatujaja duniani, na huko mbinguni yuko Mama pia, ingawa hawamwombi. Kwamba mtu mwema anaweza kuendelea kukua hata baada ya kufa, mpaka awe kama Baba yake alivyo.

Ukauliza, "Na Wakristo wenziwe wanamkubali?" Nikasema wengi wanamwona kapotea. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Maskini. Basi naye hana kwao."

Kisha ukanisomesha kama zamani. Sifa ishirini za Mungu nilizikariri kwako kabla sijajua kujifunga mtandio, tukiziimba kwa Kiarabu watoto wote kwa pamoja, na ile ya kutofanana na viumbe ilitushinda ulimi kwa urefu wake. Siku ile ulinieleza maana yake. Kila chenye mwili kina mpaka, ulisema, na kilicho huku hakiko kule. "Sasa mie nikimwita niko hapa Kengeja, nawe ukimwita uko Unguja, atageukia wapi?"

Swali hilo nililifikisha. Bibi Elen alijibu kwamba mwili wa Mungu uko mahali pamoja, lakini nuru yake na uwezo wake vimeenea kote, kama jua. Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kukuletea ungali hai. Kwao alizika mtoto mdogo, na siku ile hakumtaka Mungu aliye kila mahali. Alimtaka mwenye kifua, amlalie. Nilimhurumia tu, kama mtu anavyomhurumia mgonjwa. Sikumwelewa.

Sasa namwelewa, na naogopa.

Tangu ufe, Baba, nikisujudu naona uso wako. Si kukukumbuka, kukumbuka ni jambo jingine. Naomba, na anayenisikiliza ana ndevu zako, ana shingo yako iliyolalia kushoto kama ulivyoinama kumsikiliza mtoto asiyejua somo lake. Nafumbua macho, nautazama mkeka, natia nia upya. Nikiinama tena, uko. Mimi, binti wa mwalimu, nimemtilia Mungu mwili, wala hakuna aliyenibatiza.

Wiki iliyopita Ami Shaame aliniita barazani. Yeye ndiye mwenye amri juu yangu sasa. Asiponiruhusu sirudi skuli, na umebaki mwaka mmoja tu niwe mwalimu. Habari za Bibi Elen zimemfikia. "Huyo Mungu wako wa kizungu hula nini? Muhogo au mkate?" Shangazi Mize akadakia kutoka mlangoni, "Na nani anayemfulia kanzu?" Wakacheka. Ami akaniamuru nizisome sifa, nikazisoma zote bila kukwama. Niliona mabega yake yakilegea. Ndipo aliposema, "Sasa apa kwamba hujapata kumwazia Mungu sura."

Kiapo kimoja, na safari ingekuwa yangu. Sikuweza. Nilimwambia kwamba imani ya Bibi Elen sikuifuata hata siku moja, wala sitakana kwamba yeye ni mtu mwema. Lakini tangu nifiwe, nikisali namwona baba.

Shangazi Mize hakucheka tena. Ami aliivua kofia yake, akaitazama ndani. Nilingoja aniambie nimekufuru. "Mie humsikia," alisema. "Nikiomba dua, anayeitikia amina ni yeye." Akainuka, akaenda zake. Kesho yake alimwambia Shangazi anitayarishie nguo za safari. Juu ya Bibi Elen hakusema neno.

Nimefikiri sana. Uliponifundisha kwamba Mungu hafanani na chochote niliona ni ukali, kama kufungiwa mlango. Sasa naona palikuwa na huruma ndani yake. Kila uso nilioupenda ama umekwisha kuvishwa sanda, ama utavishwa. Bibi Elen atasema upo mwili usiokufa. Huenda. Mimi sijauona. Nikimwomba Mungu mwenye uso wako, kila sala nitafiwa upya.

Kwa hiyo niwie radhi, Baba. Nitakuondoa pale. Si kwa mara moja, siwezi. Nitakusogeza kidogo kidogo, sala kwa sala, mpaka ubaki baba yangu tu, wa kuombewa, si wa kuombwa. Wanaume walikubeba wakaenda kukuzika, mimi nikabaki ndani na wanawake. Haya ndiyo maziko yangu mimi. Nakuahidi nitayamaliza.

Kwaheri, Baba. Mola akurehemu.

Mwanao,
Zuwena