Shemeji na Four-wheel Yake

Jumapili, theluji tena

...na bado anamlaumu shetani! Shemeji Kamau, mume wa dada, alituongoza kwa sala ndefu ya safari tulipotoka kanisani, huku kioo cha gari lake kimefunikwa barafu. Alikuwa amekwangua katundu ka kuchungulia tu.

Njiani akalipita gari langu akipiga honi, dirisha kalishusha. "Unaenda kama bibi harusi! Hii yangu ni four-wheel, haitelezi!"

Mbele kidogo akakanyaga breki kwenye barafu. Four-wheel ikazunguka kama pia, ikatua mtaroni.

Nikafika polepole, kama bibi harusi.

"Ni shetani," akasema.

Shetani gani, na breki umekanyaga mwenyewe?

Ningemcheka mpaka kesho. Lakini kwenye kiti cha nyuma cha gari lake walikaa wanangu. Niliwapandisha mimi, baada ya kuitikia amina.