Ishirini na Nne kwa Sifuri

Alhamisi, 12 Juni 2025
Mazoezi Anderlecht. Mvua. Constant ameniambia anaondoka — klabu ya Anvers imemwita, na watamtafutia kazi nzuri kuliko kubeba makatoni depoti. Tumekua wote Lubumbashi, besiboli tumejifunzia huku ugenini. Yeye anarusha mpira, mimi naudaka nyuma ya mpigaji. Nimempongeza. Moyo umenishuka hata hivyo.

Kumbe kocha Jérôme ameshajua! Hakumsalimia.

Jumapili, 15 Juni
Tumefungwa 24–0. Si hilo.

Constant alianza vizuri, kisha wakaanza kumpiga. Nikaona mipira inakuja bila nguvu, anajishika bega. Nikamfuata.
"Mukono inaniluma, Noé. Ambia coach anitoshe mu kiwanja."

Nikaenda. Jérôme hakuniangalia hata usoni. Eti si anataka Anvers? Bon, atarusha mpaka mwisho, wamuone vizuri. Aristote, mrushaji wetu wa akiba, alikuwa benchi, ameshapasha mwili, tayari kabisa!

Nikarudi mahali pangu. Nikachuchumaa. Nikafungua glavu.

Wapinzani walikuwa wanapiga huku wanacheka. Baadaye hata kucheka wakaacha. Refa akauliza kama tunakubali yaishe. Jérôme akakataa.

Halafu ile sauti. Mimi nimeisikia kutoka nilipokuwa. Mpira ukaangukia karibu na miguu ya Constant, yeye akapiga magoti, mkono umepinda mahali pasipo na kiungo. Alikuwa anamwita mama yake. Mama yake tulimzika zamani.

Jumatatu, 16 Juni
Hospitali. Mfupa wa juu ya kiwiko umevunjika, na mshipa wa fahamu umeumia. Vidole havinyanyuki. Daktari anasema labda vitarudi, labda havitarudi. Depoti wameshaweka mtu mwingine.

Mke wake Graciella amefunga saluni yake pale Galerie d'Ixelles, amekaa naye tangu jana. Ameniuliza kama nimekula. Basi. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 18 Juni
Jérôme ameniita kahawa, mtaa wa Chaussée de Wavre. Amenionesha picha kwenye simu — Wamarekani wenye masharubu, mwanzo wa karne iliyopita.
"Hawa ni professionnels! Walikuwa wanapigwa ishirini na kitu kwa zéro, na mrushaji anabaki palepale. Hakuna mwenye alilia."
Nikamuuliza kama mikono yao haikuvunjika. Akazima simu.

Kisha akafika alipokuwa anaelekea. Shirikisho la besiboli litaniuliza kilichotokea. Donc, niseme Constant mwenyewe alikataa kutoka.
"Ni wewe tu uliongea naye. Mwingine hakusikia."
Na eti Anvers bado wanatafuta muntu. Anaweza kutaja jina langu.

Nilisema nitafikiri. Nitafikiri nini? Nilipaswa kuinuka palepale. Nilimaliza kahawa yake.

Ijumaa, 20 Juni
Naandika kwenye simu, bafuni kwao Constant. Nimefungua bomba ili wasisikie kimya changu.

Graciella ndiye aliyeniita. Constant alikuwa amelala, dawa zinamlaza. Akanikalisha jikoni, akaniwekea chai, akabaki amesimama.
"Noé, Jérôme alinipigia. Anasema bwana yangu alikataa kutoka, kiburi tu. Constant anasema alikuomba. Wewe ulikuwa katikati yao. Nani anadanganya?"

Nikasema aniruhusu ninawe mikono. Mikono! Nilikuwa sijashika kitu.

Nikimwambia ukweli, ataniuliza swali la pili: na wewe, kwa nini uliendelea kudaka? Nilikuwa na glavu. Ningeitupa chini, mechi ingesimama. Nilimwogopa Jérôme. Na labda — hili sijawahi kulisema hata kimoyomoyo — labda sikutaka Constant aende.

Ujumbe umeingia sasa hivi. Jérôme: Anvers wamekubali kuniona kesho.

Graciella amegonga mlango. Polepole. "Noé? Uko muzuri?"

Constant ameamka. Namsikia kutoka chumbani, sauti nzito ya usingizi:
"Umuache, Graciella. Noé atasema."