Bomba la Moshi la Sajini

Makina, Kibra
Jumatatu, 7 Aprili 2025

Kwa mjukuu wangu Kageha,

Salamu alaikum. Hujambo, na mafundi wenzako wa Kawangware hawajambo? Sisi huku tu wazima. Tumefunga Ramadhani, tukaila Idi, ila goti langu la kushoto hunikumbusha kila asubuhi kwamba nilizaliwa zamani. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu unajua masikio yangu yalibaki jeshini, kwenye usukani, na maandishi ya simu siyaoni. Tabby wa ndizi hupita Kawangware kila siku. Yeye ndiye atakayekuwa posta yetu.

Neno lenyewe ni hili. Afrah, mjukuu wangu wa mwisho, anaolewa Jumamosi tarehe 26. Unaijua desturi ya nyumba yangu. Tangu niinunue Sajini kwenye mnada wa jeshi mwaka 1979, hakuna bibi harusi aliyetoka lango hili kwa gari jingine. Landrova hiyo imewabeba wote, wamekaa nyuma chini ya turubai, pazia limeshushwa na udi unafuka. Sasa sailensa imetoboka. Mimi sisikii, lakini naambiwa inanguruma hadi imamu analalamika.

Na kuna la pili. Siku ya harusi ya Suad, bibi harusi wa mwisho kubebwa, wanawake waliofuata nyuma wakipiga ngoma zetu za doluka walipulizwa moshi mpaka gurbaba zao, nguo zetu za heshima, zikajaa masizi. Dada yangu Hadia hajanisamehe mpaka leo. Nataka ulikate bomba liishie chini ya tumbo la gari, lisifike nyuma. Marehemu baba yako Ambrose alikuwa akinikatalia kila nikimwomba. Wewe una moyo laini kuliko wake.

Babu yako,
Murjan


Kawangware 46
Jumatano, 9 Aprili 2025

Kwa Babu,

Waalaikum salaam, hata kama Jumapili niko kanisani. Mimi ni mzima, kazi ipo, mvua nayo haituonei huruma. Pole na goti. Nimefurahi sana kusikia ya Afrah. Yule mtoto niliyekuwa nikimbeba mgongoni hapo plotini kwako, leo ni bibi harusi!

Ilete Sajini Jumamosi asubuhi. Sailensa nitaitoa yote niweke nyingine, hiyo ya zamani imebaki kutu na maombi tu.

Kuhusu kulikata bomba, Babu, naona kama baba angenikemea. Alikuwa akisema moshi ni kama mgeni, lazima umsindikize mpaka nje ya lango. Lakini wewe ndiye uliyetuwekea sahani miaka yote ile tukiwa wapangaji wako, na neno lako kwangu ni neno. Nitalikata.

Mjukuu wako,
Kageha


Makina, Kibra
Jumanne, 15 Aprili 2025

Kwa mjukuu wangu Kageha,

Salamu alaikum. Natumai hujambo. Mikono yako ibarikiwe. Sajini sasa inapita msikitini na hakuna anayegeuka. Naambiwa inakoroma kama paka aliyeshiba.

Jana tulifanya jaribio. Afrah alikaa nyuma na Hadia, pazia likashushwa sababu ya mvua, wakawasha udi, tukaenda mpaka Ayany na kurudi. Nyuma hakukuonekana moshi hata kidogo. Hadia alishuka akakagua gurbaba yake chini ya mwanga, akasema, "Haya, leo umejua." Kwa Hadia hiyo ni sifa kubwa.

Afrah alitapika tulipofika, na miguu ikamlegea. Wanawake walicheka sana. Wanasema ni woga wa harusi, tena alikuwa amefunga sita za Shawwal. Hadia naye kichwa kilimuuma mpaka magharibi. Nimemwambia apunguze udi, ule wa safari hii ni mkali.

Babu yako,
Murjan


Kawangware 46
Jumatano, 16 Aprili 2025

Babu,

Salamu. Leo sitauliza habari ya goti, nisamehe. Nakuomba usiiwashe tena Sajini.

Afrah hakuumwa na woga, wala saumu, wala udi. Ni moshi wa ekzosi. Nilipolala chini ya gari Jumamosi niliona mwanga ukipenya sakafu ya nyuma, kutu imeitoboa kama chujio. Nikajiambia, aah, juu kuna mkeka. Halafu nikalikata bomba likaishia papo hapo, chini ya vitundu vile, kwa sababu uliniomba na niliona haya kukukatalia. Moshi uliokuwa ukitoka nyuma sasa unapanda ndani. Turubai limefungwa, hauna pa kutokea. Na ule unaoua hauna rangi wala harufu. Huo mwingine wenye harufu mnaufunika na udi, kwa hiyo hakuna wa kushtuka.

Mkosa ni mimi, si wewe. Irudishe kesho nirefushe bomba. Na kama huwezi kuja, mpe Tabby neno moja tu, nitakuja na vyuma vyangu. Sijalala vizuri, Babu. Kila nikifumba macho namwona Afrah chini ya lile turubai.

Mjukuu wako,
Kageha


Kawangware 46
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Babu,

Salamu kwako na kwa wote. Hii ni siku ya tano bila jibu. Tabby anaapa kwamba barua alikutia mkononi. Ijumaa Kuu nilikuja mwenyewe. Bibi Hadia akanizuia langoni, akasema umelala, na kwamba amesikia mimi nimeuita udi wa nyumba yenu sumu. Sikusema hivyo. Nilitaka kumweleza lakini lango lilikuwa limeshafungwa. Simu ya Afrah imezimwa, nimeambiwa mwali hashiki simu.

Niandikie hata matusi. Nijue tu kwamba umesoma.

Mjukuu wako,
Kageha


Makina, Kibra
Jumatano, 23 Aprili 2025

Kageha,

Salamu alaikum. Barua zako nimezipata zote mbili. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na neno la hasira likishatumwa halirudi.

Umeniandikia kwamba gari langu litamuua mjukuu wangu. Nimewabeba mabibi harusi kumi na mmoja na Sajini. Wote wako hai, wengine wana wajukuu. Nimemwita fundi wa hapa karibu, ameinama akachungulia, akasema haoni moshi wowote, iko sawa. Hadia anasema mtu aliyekulia kwenye sahani yetu asitufundishe namna ya kumtoa mwali.

Wageni wa Kibos na Bombo wameshafika. Wakwe wameambiwa msafara unatoka saa nane mchana, na utatoka. Kazi yako uliifanya vizuri, usiiharibu kwa maneno.

Murjan


Kawangware 46
Alhamisi, 24 Aprili 2025

Babu,

Salamu alaikum. Naona hukuandika "Babu yako." Imeniuma, lakini nitaendelea kukuita hivyo kwa sababu sina mwingine.

Hao mabibi harusi kumi na mmoja walibebwa na bomba refu. Afrah atakuwa wa kwanza na bomba nililolikata mimi. Hiyo ndiyo tofauti, na tofauti hiyo ni mkono wangu.

Unamkumbuka Morris wa chumba cha tatu? Nilikuwa darasa la sita. Baridi ya Julai, akaingiza jiko la makaa ndani, yeye na mkewe Kanini wakafunga dirisha na kuziba mlango kwa gunia. Asubuhi wewe ndiye uliyevunja mlango kwa mtaimbo. Ulitufukuza sisi watoto lakini mimi nilishaona. Walikuwa kama watu waliolala, na uso wa Morris umenawiri kuliko siku zote. Jioni ulizunguka plot nzima, mlango kwa mlango, ukituambia wapangaji: moshi usiouona ndio mbaya. Hayo ni maneno yako, Babu. Moshi wa Sajini ni huohuo wa jiko la Morris.

Na masizi kwenye gurbaba za akina mama nimeyafikiria. Ulikuwa ukitusimulia jinsi mlivyovuka mito na magari ya jeshi, bomba la moshi limesimamishwa wima kando ya gari, mdomo wake juu kuliko paa. Nimetengeneza bomba kama hilo. Liko hapa mbele yangu, limepinda vizuri, nimelipaka rangi. Moshi utatokea juu ya turubai na kwenda zake, mwali salama, nguo safi. Sijui kwa nini sikuliwaza tangu mwanzo. Nafikiri nilikuwa nikiwaza kukupendeza tu.

Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa langoni kwako na bomba begani. Bibi Hadia akifunga, nitakaa hapo nje mpaka Jumamosi.

Mjukuu wako, hata ukinikataa,
Kageha


Ndani ya Sajini
Ijumaa, 25 Aprili 2025

Kageha,

Salamu alaikum. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya Morris hukupaswa kuiandika, lakini umeiandika.

Nimeamua kuyamaliza kama askari. Wanawake wameenda kwa jirani kumpaka mwali hina, Anwar mwanangu ameenda kuleta mbuzi. Nimekaa nyuma ya Sajini, pale atakapokaa Afrah. Pazia nimelishusha, udi nimeuwasha, injini inazunguka. Saa yangu inasema saa moja na robo. Msafara wa kesho ni wa nusu saa. Nitakaa nusu saa. Ukifika utanikuta nakunywa chai, na hutakuwa na la kusema.

Saa moja na dakika ishirini na tano. Udi wa Hadia ni mkali kweli. Niko sawa.

Saa moja na nusu. Kichwa kizito kidogo. Sikulala vizuri. Mvua imeanza, naiona ikitikisa turubai. Baba yako aliwahi kulala chini ya gari hili siku nzima, mvua hivihivi, akakataa kutoka mpaka

Saa moja na. Kalamu hii nzito. Nimesahau nilitaka kukwambia nini. Lilikuwa jambo la sahani. Kwamba ile sahani hatukuku


Kawangware 46
Jumatatu, 28 Aprili 2025

Kwa Babu, wadini hospitalini,

Salamu alaikum. Daktari amesema umefumbua macho na umeomba chai, basi nakuandikia, maana ukiwa na ile barakoa ya hewa huwezi kusema na mimi nikipiga kelele wagonjwa wenzako watanifukuza.

Nilifika saa mbili kasorobo. Usingizi ulinikimbia mapema, nikaja kabla ya wakati. Lango lilikuwa wazi. Nilisikia injini, nikajua. Lile bomba nililitupa hapo barabarani. Nilikuvuta kwa makwapa mpaka kwenye mvua, barua imekwama mkononi mwako, na uso wako, Babu, ulikuwa umenawiri. Nilipiga nduru ambayo hata wewe nusura uisikie. Bibi Hadia alitoka mbio kwa jirani na hina mkononi. Alinisaidia kukubeba. Tulipofika hospitali akaniuliza, "Na mimi na Afrah siku ile ya Ayany, tulibakisha kidogo tu, sindio?" Nikasema ndiyo. Akalia.

Tulitaka kuahirisha. Afrah akasema ukiamka ukute hajaolewa kwa sababu yako, utakufa upya. Basi Ijumaa yote nililala chini ya Sajini. Sakafu nimeiziba kwa bati zima. Bomba limesimama ubavuni, linapita paa kwa mkono mzima. Jumamosi Bibi Hadia akaniita mbele ya watu wote. "Wewe fundi! Hii kitu iko sawa ama tunaenda kufa?" Afrah akamjibu kabla yangu: "Kageha akae hapa nyuma na mimi. Tukienda, twende sote."

Nilikaa naye. Pazia tulilikunja mpaka juu, mvua ikatulowesha, udi ukazimika mara mbili. Hakuna aliyelalamika. Anwar aliendesha polepole. Nilikuwa nikimuuliza Afrah kila baada ya dakika mbili kama kichwa kinamuuma, mpaka akaniambia nikimuuliza tena atanishusha. Wanawake walifuata na doluka, na gurbaba zao zilifika safi. Nilizikagua mwenyewe.

Nafurahi, lakini sijajisamehe. Najua uliingia humo kwa sababu yangu. Nilikata nilipopaswa kukataa.

Barua yako ya Ijumaa imekatika katikati na haina sahihi. Nairudisha pamoja na hii. Daktari anasema kumbukumbu huenda isirudi yote. Kama unakumbuka ulichotaka kusema kuhusu sahani, malizia. Kama hukumbuki, weka sahihi tu, nijue mkono wako unarudi. Tabby atasubiri hapo mlangoni.

Mjukuu wako,
Kageha


Wadini
Jumatano, 30 Aprili 2025

Kageha,

Salamu alaikum. Samahani kwa mwandiko. Tabby alisubiri siku mbili, mpe ndizi zake mwenyewe ale.

Nimeisoma hiyo barua. Ijumaa siikumbuki hata kidogo. Aliyeiandika ni mzee mjinga aliyetaka kushinda ubishi na mtoto wake, na simtilii sahihi. Nimeichana.

Ila ya sahani nayajua bila kukumbuka. Hatukukuwekea ili utuogope. Siku nyingine nikikuomba kitu kibaya, nikatalie kama baba yako.

Hii ndiyo naitia sahihi.

Babu yako,
Murjan