Rekoda Kwenye Kikapu cha Chai

Jumatatu, 4 Agosti

Mawe ya rekoda yameisha tena. Nimeweka mapya mawili saa tatu, saa tano rekoda imezima. Ni kinasa sauti cha mitumba nilichokitoa Kisii mjini, na kinakula betri kama mtu mwenye minyoo.

Zimebaki siku kumi na tano. Tarehe 19 watamtoa Tata uvimbe wa kooni pamoja na kisanduku cha sauti. Atapumulia tundu la shingoni. Baba yangu hatasema tena. Kaka yangu Nyakundi anapiga simu kila jioni kutoka Mombasa kuuliza nimerekodi nini. Nina dakika arobaini tu za mzee aliyekaa wima kwenye kiti, akiongea kama anatoa ushuhuda kanisani. Huyo si Tata.

Tata ni yule anayechuma chai. Huko anaongea na jirani yetu Ondieki, na ng'ombe, na mama, aliyetutoka miaka sita iliyopita. Anachuma kuanzia saa moja hadi saa nane. Rekoda inadumu kwa muda wa saa mbili tu. Nikienda kubadilisha mawe, ananyamaza.

Jumanne, 5 Agosti

Upuuzi. Nimejaribu betri ya simu kuukuu. Mawe mawili madogo yanatoa volti tatu. Betri ya simu inapita nne ikiwa imejaa. Mimi ni fundi wa maabara katika shule ya upili, najua hayo nikiwa usingizini. Lakini nina haraka. Plastiki ikanuka, nikachomoa. Rekoda imepona kwa bahati tu.

Mwanafunzi angefanya hivyo ningemtoa nje.

Jumatano, 6 Agosti

Jana jioni nilienda Keumbu, nikarudi na mawe mawili makubwa ya tochi. Volti ni zile zile, tumbo ni kubwa mara nyingi. Usiku nimechonga vijiti viwili vya ukubwa wa mawe madogo, nikatia msumari mfupi kila ncha, nikalehemu waya kwenye misumari inayohitajika. Vijiti vimekaa mahali pa betri. Waya unatoka pembeni hadi kwenye mawe makubwa, niliyoyafunga kwa raba ya tyubu.

Imewaka saa mbili asubuhi. Saa kumi na moja jioni ilikuwa bado inarekodi. Nina saa tisa za sauti za kuku uani.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeshona mfuko chini ya mkanda wa kikapu cha Tata, nikaificha rekoda humo. Sikumwambia. Naandika hapa nisije nikajidanganya baadaye.

Alipokibeba mgongoni alisimama kidogo. "Kikapu kimekuwa kizito," alisema. Kisha akashika shingo. Alidhani ni ugonjwa.

Nikamwacha aende nacho.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimesikiliza tangu asubuhi. Majani yakikatika. Tata akimsimulia mama bei ya mbolea. Akicheka. Nilikuwa na furaha hadi saa ya tano ya rekodi. Ondieki alikuwa mstari wa pili.

"Tarehe kumi na tisa nitakuwa Nyamarambe kwa dada yangu," Tata alisema. "Wakija kunichukua hawanipati."

"Na watoto?"

"Niliwaambia ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kubishana nao."

Kikapu kikasogezwa. Halafu: "Mimi ni mzee wa kanisa, Ondieki. Mtu akiniletea shida yake nitamwombea na nini? Vidole?"

Nikavua vidude vya masikioni. Daktari alisema bila upasuaji hamalizi mwaka. Tata alikuwa ameketi kando yangu akisikia hayo, akiitikia kwa kichwa.

Ninajua kitu nilichokiiba.

Jumamosi, 9 Agosti

Sabato. Hakuna kuchuma. Tata amefunga ibada kwa maombi, sauti imekwaruza, watu wamesogea mbele ili wamsikie. Mimi nimeangalia viatu vyangu. Siku nzima nimezunguka boma kama mtu aliyepoteza funguo.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemfuata kwenye chai. Nimetoa rekoda mfukoni mwangu mbele ya macho yake, nikamwonyesha mfuko niliouficha kwenye kikapu, nikamwambia yote, pamoja na Nyamarambe.

Aliishika. Akaipima mkononi.

"Kumbe si ugonjwa uliokuwa unanilemea," alisema. "Ni wewe, Kemunto."

Akaendelea kuchuma. Nimeona aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Jumanne, 12 Agosti

Siku mbili hajanisemesha. Amebakiwa na wiki moja ya sauti na anaitumia kuninyamazia. Nyakundi amepiga, nimemdanganya kuwa mtandao ni mbaya. Nimefagia ua mara tatu. Nimefungua rekoda, nimelehemu upya kiungo ambacho hakikuwa na kasoro. Nimejichoma kidole. Nimemkasirikia yeye, halafu mimi, halafu daktari.

Alhamisi, 14 Agosti

Tata ameingia jikoni nikipika uji, akachukua rekoda mezani. Akauliza kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo:

"Hiki kinakaa siku nzima bila kuzima?"

"Hata mbili, Tata."

"Bila wewe kusimama hapo ukikichungulia?"

"Ndiyo."

"Nionyeshe pa kubonyeza."

Amekibeba mkononi, si mgongoni. Nimemwona kutoka mlangoni akikiweka juu ya kisiki, akikohoa, akianza. Ilikuwa shida kutotoka nje. Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi. Saa nane hakurudi. Saa kumi hakurudi. Nimempelekea chakula, amenifukuza kwa mkono.

Ijumaa, 15 Agosti

Amekichukua tena leo. Mchana amerudi mapema, ameketi, ameniita.

"Nimeongea hadi nimechoka," alisema. "Jana nilidhani sitamaliza hata kwa wiki nzima. Leo nimeona narudia yale yale." Alikuwa kama mtu anayejicheka. "Yangu nimeshayasema. Nitaenda hospitali. Na hiyo rekodi usiisikilize nikiwa bado naongea. Ukitaka kujua kitu, niulize."

Nimemuuliza mambo mengi. Mengine amekataa kujibu.

Jumatatu, 18 Agosti

Kisii. Amelazwa, wadi ya wanaume. Nilijiandaa kwa maneno makubwa. Wakati wa kuona wagonjwa ulipoisha, akanishika mkono: "Mwambie Ondieki asifunge ng'ombe karibu na migomba. Atamaliza yote."

Nilisema sawa, Tata.

Jumatano, 20 Agosti

Yuko hai. Daktari anasema uvimbe umetoka wote. Alinitazama, midomo ikasogea, hakuna kilichotoka. Alionekana kushangaa, ingawa alijua. Nikaenda nje kulia.

Jumapili, 7 Septemba

Niko nyumbani tangu Ijumaa. Shule imefunguliwa, sasa nakuja wikendi tu. Tata ana kitambaa cheupe shingoni na amepungua, lakini amekataa kubaki ndani.

Ameanza kutuita kwa kupiga makofi. Kofi moja ni Ondieki. Mawili ni mimi. Hakuna aliyempangia.

Tumechuma pamoja asubuhi yote, mstari wake na wangu. Sikuwa na la kufanya isipokuwa kuchuma. Karibu saa sita akapiga mawili. Nikageuka haraka. Hakuhitaji kitu. Alikuwa ananionyesha mvua ikija kutoka upande wa Nyamira, bado mbali, nyeupe juu ya vilima. Tuliiangalia kidogo, halafu tukaendelea.