Volti za Gatimu

Jumatatu, 6 Julai 1998

Imewaka! Ndugu yangu Gatimu amefunga skrubu ya mwisho, akabonyeza kitufe, na kompyuta ikaamka. Ameiunda kipande kwa kipande hapa dukani kwangu. Niliacha kazi ya utaipisti kwenye chama cha kahawa kwa ajili ya sanduku hili — na tayari Madam Wakonyo, mwalimu mkuu, ameniletea mitihani ya majaribio ya Form Four. Nikiipiga vizuri, kazi zote za shule ni zangu. Nikishindwa, basi. Nyeri ni ndogo, na maneno yana miguu.

Jumatano, 8 Julai

Imeganda katikati ya Jiografia. Nimezima, nimewasha, ikaganda tena. Nje ukungu mtupu, mimi nimevaa makoti mawili — na mashine inachemka. Nimegusa chuma kilicho juu ya prosesa, ule ubongo wake. Kidole kimeungua. Gatimu anasema feni ndiyo ndogo. Ataleta kubwa.

Alhamisi, 9 Julai

Feni kubwa. Kelele ya kinu cha posho. Imeganda vilevile. Nimechoka na maisha.

Ijumaa, 10 Julai

Leo nimejua. Nilimwambia Gatimu anisomee karatasi iliyokuja na prosesa. Inataka volti mbili nukta nane. Yeye kile kijiplagi cha kuchagulia volti amekichomeka kwenye tatu nukta tatu. Nikamuuliza kwa nini.

"Si unajua stima ya huku ni weak? Jioni bulb inakuwa red. Nikaona niiongezee kidogo, ndio isilale njaa."

Ati isilale njaa. Kwetu mtoto akikonda anaongezwa uji, basi naye akaongeza. Amempigia simu mwalimu aliyemfundisha kompyuta Nairobi, akachekwa: stima ikishaingia kwenye mashine hupimwa upya, prosesa haina habari na balbu. Angekuwa fundi wa watu ningemfukuza. Lakini ni wa tumbo moja nami. Nimelia chooni.

Amerudisha kijiplagi panapotakiwa. Chuma sasa ni vuguvugu. Nimeomba Mungu.

Jumatatu, 13 Julai

Ilifanya kazi Jumamosi yote, na leo asubuhi. Madam amekuja mwenyewe, amekaa kwenye benchi ya wateja, upande wa pili wa pazia linaloficha mashine. Amesema nichukue time yangu, board ya shule ameshawaambia mimi ndiye mpigaji wao.

Halafu ikaganda. Tumezima, tumewasha. Skrini nyeusi. Mitihani yote imo ndani. Chuma ni baridi kabisa. Gatimu ananong'ona kwamba volti ziko sawa, labda iliungulia ndani zile siku za kwanza. Labda! Prosesa nyingine hana.

Madam ameuliza imebaki ngapi. Nimemjibu: ukurasa mmoja tu, Madam.

Naandika haya kwa mkono wa kulia. Wa kushoto unagonga kibodi, ili asikie.