Pikapu ya Kubeba Nyumba na Ukoo

Jumatatu, 4 Agosti
Nyumba ya safari imefika. Sanduku la bati lenye vitanda, jiko na sinki, la kupakiwa mgongoni mwa pikapu. Imesimama uani kwa miguu yake minne, imeziba kamba ya kuanikia nguo. Pikapu sina. Mke wangu kaizunguka mara moja, mikono kiunoni. "Tandiko nimeliona, baba watoto. Punda yuko wapi?" Nikamjibu punda anatafutwa. Shule zikifungwa tunaondoka wote — yeye, mapacha, na mama mkwe, ambaye hajamwona dada yake tangu mapacha wananyonya. Usukani wangu. Hilo halina mjadala. Leseni ya mke wangu imelala kabatini miaka, na nimeiacha ilale.

Jumatano, 6 Agosti
Yadi ya magari, kutwa nzima. Kichwa kinagonga. Yenye nguvu za kubeba nyumba ina viti viwili tu. Yenye viti, springi zake nyembamba kama mimi wakati wa uchumba. Muuzaji — tumeshambatiza Hamna Shida — kila nikiuliza itabeba, analipiga bodi kofi: mzee, hii inabeba hata ukoo. Shemeji, kaka wa mke wangu, dereva wa malori, hakumjali. Akafungua mlango, akasoma kibati cha uzito wa mwisho. Humo, anasema, hesabu nyumba, maji, mafuta na kila makalio yatakayokaa. Moja tu imekaribia, dabo kebini ya kijivu, yenye viti vya nyuma. Akaniagiza nikalete kilo za kila mtu.

Ijumaa, 8 Agosti
Kuuliza watu kilo zao mezani — sirudii. Mama mkwe kataja zake huku anatafuna. Mke wangu kanitazama mpaka chai ikapoa, ndipo akataja. Mimi nikatoa zile za kwenye cheti cha daktari nilipoajiriwa. Shemeji aliliangalia tumbo langu, akaandika. Hesabu imeingia, kwa kubana. Ya kijivu inatosha!

Jumamosi, 9 Agosti
Mizani ya malori. Nyumba mgongoni, pua ya gari inatazama mbinguni. Hamna Shida kakubali tupime kabla sijalipa. Shemeji akataka tupande mmoja mmoja. Hakuniambia karani wa mizani anasoma kilo za kila anayepanda kwa kipaza sauti, foleni nzima ya malori inasikia. Mama mkwe: zilezile alizotaja. Madereva wakampigia makofi, akawapungia. Mapacha, sawa. Mke wangu — kilo moja pungufu. Alinitazama kupitia kioo. Sikuupenda ule mtazamo. Nikapanda mimi. Springi zikalia. Karani akakohoa, akasoma, akarudia. Hakuna aliyemwomba arudie. Tumezidi.

Nikasema tumwage maji. "Ya kuoga mama yangu?" shemeji akauliza. Shemeji akaniomba nishuke kidogo. Nikashuka. Karani: imepita.

"Bila dereva inakubali," shemeji akasema, kwa upole wa daktari.

Mama mkwe akachungulia dirishani. "Mbona dereva yumo," akasema.

Nimekaa kwenye jiwe kando ya mizani, naandikia magotini. Foleni inapiga honi. Mke wangu amehamia kiti changu, amekisogeza mbele. Ametoa leseni kwenye mkoba — kumbe kabatini haikuwemo. Ameutoa mkono dirishani, kiganja wazi. Ufunguo ninao mimi, mfukoni.