Kasiksi ya Sylvain

Mweso, kwenye kilima

Kaka Théophile,

Salamu zikufikie huko Bweremana. Maharagi imechanua na mbuzi ilizaa mapacha. Tangu wafu waanze kutembea na kuuma watu, hapa kila muntu anakunywa mu kikombe yake, hata kanisani, maana ugonjwa inapita mu mate.

Jana bwana yangu Sylvain alirudi kutoka shamba, mukono imefungwa kitambaa. "Ni panga tu," alisema. Nilitaka kumwamini. Akaleta kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, akaonja kwanza kama desturi yetu, nione haina sumu, akanipatia. Mukono yangu ikapokea mbele akili ifikiri. Nilikunywa.

Leo asubuhi, akiwa angali analala, nilifungua kile kitambaa. Ni meno, kaka. Sijui kama alisahau, ao hakutaka kwenda peke yake. Naogopa kumuuliza.

Usikuje. Lakini uko kichwa ngumu, najua utakuja. Nikikuletea kasiksi na kuionja mbele yako, vile Mama alitufundisha, uimwage chini, ukimbie. Hata nikilia, hata nikikuita jina.

Dada yako, leo ningali mimi,
Mukandori